Mwaka Tuliojiandaa kwa Baridi

Wifi yangu Jumwa aliyasema maneno yale akiwa ameinamia ungo wa mchele, siku ya tatu baada ya kumzika mama yake huko Kaloleni. Tulikuwa wawili tu jikoni, mimi nakuna nazi, yeye anachambua mchele wa waombolezaji, na nje wanaume walikuwa wakibishana habari za turubai. "Mama Kadzo," akaniita, "kuna jambo sijakuuliza miaka yote hii, na leo nitakuuliza kabla sijarudi. Mwaka ule mlipokuja kwangu, mbona ulimwacha Katana? Na mimi nilimwambia mama kwa simu, mtoto aje, huku ni joto, kitanda chake nishakinunua." Niliacha kukuna. Nikamuuliza alimwambia lini. "Si ile Jumapili mlokuwa hampo? Mama aliipokea simu peke yake. Nikamwambia, mwambie Mama Kadzo asiogope, Julai ya huku ni joto kama la Mombasa. Akanijibu, haya, nitamwambia." Nikamwambia hakuniambia. Jumwa aliweka ungo chini, na mchele aliokwisha kuuchambua ukachanganyika na ule ambao bado.

Tukatazamana, wanawake wawili wenye mvi, mmoja ametoka Ujerumani juzijuzi na mwingine Chaani. Kumbe miaka ishirini na sita alikuwa ameninunia kimoyomoyo, akiniona mama aliyechagua matembezi akamwacha mtoto wa ziwa. Nami miaka hiyo yote nilimwona mwenye maringo, nikasema Ulaya imemharibu. Mimi ni mwepesi wa hasira na mzito wa kusahau, mume wangu atawaambia, na siku ile hasira yangu ilipanda hadi shingoni ikakosa pa kwenda, kwa kuwa niliyemkasirikia tulikuwa tumemfukia siku tatu nyuma na nilimlilia sana. La, nisiseme uongo. Nilipiga kelele za msiba kama inavyopasa, lakini machozi hayakunitoka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikaa Chaani, Mombasa, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, na ua mmoja wa kupikia na kuanikia nguo. Vyumba viwili vya mwisho vilikuwa vyetu. Kimoja tulilala mimi na mume wangu Karisa pamoja na mtoto mchanga. Cha pili alilala mavyaa, yaani mamake Karisa, pamoja na binti yangu Kadzo aliyekuwa na miaka mitatu. Ukuta wa kati haukufika juu, kwa hivyo lililosemwa huku lilisikika kule, na mengi ninayoyajua kuhusu watu wa nyumba yangu niliyapata kupitia ule upenyo wa juu ya ukuta. Mtoto mchanga tulimpa jina la babu yake aliyefariki, Katana, kama desturi yetu ilivyo, na kwa ajili hiyo mavyaa alimwita "mume wangu". Alimtania kutwa kucha: mume wangu huyu hajaninunulia leso, mume wangu huyu ana deni la kunijengea nyumba. Mtoto akicheka, yeye husema, "Mwamuona? Asharudi na ujanja wake wa zamani." Sisi tulicheka. Sikuwahi kujiuliza ni kiasi gani cha utani ule kilikuwa utani.

Barua ya Jumwa ilifika Januari. Alikuwa akifanya kazi ya kuwatunza wazee huko Ujerumani na watoto wangu hakuwahi kuwaona. Alisema tiketi atazikata yeye, twende sote, Julai hadi mwisho wa Septemba, tukapumzike. Mavyaa naye alialikwa, akakataa. Alisema ndege anazoziona zikipita juu ya paa zikielekea kutua zamtosha. Karisa alikuwa na likizo za miaka mitatu alizolimbikiza kazini, kwa hivyo hapakuwa na kizuizi. Lakini Chaani ya wakati ule mtu alikwenda ng'ambo kwa kazi, masomo au ndoa. Habari ya kwenda kupumzika ilimshinda hata jirani yetu Bi Salma, aliyekuwa na ufumbuzi wa kila kitu. "Kupumzika?" akaniuliza uani, mikono imejaa povu. "Wallahi, Mama Kadzo, na kitoto cha ziwa na kile cha miaka mitatu? Wenda kupumzika au wenda kuchoka mbali?" Nilimjibu kwamba nakwenda kuchoka mahali ambapo sitaona moshi wa malori, naye akasema amin.

Karisa ni fundi, na fundi haamini kitu ambacho hakijajaribiwa. Alinunua daftari, akaandika kila jambo la safari. Jioni moja alipanga stuli kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yetu, moja nyuma ya nyingine, akasema hiyo ndiyo ndege, akamkalisha Kadzo na kumwambia asiinuke mpaka aambiwe. Wapangaji wakatoka vyumbani kutazama, wengine wakaketi nao wakawa abiria, Bi Salma akapitisha chai na viazi karai. Dakika ya tano Kadzo aliomba kwenda msalani, dakika ya kumi akaomba kushuka. Karisa akaandika: dakika kumi. Siku ya kupiga picha za pasipoti ikawa sinema nyingine. Mpiga picha alitaka mtoto wa miezi minne afumbue macho, afunge mdomo, atazame mbele, na asionekane mtu mwingine. Mavyaa alijifunika shuka jeupe akageuka kiti, akamshika mtoto kwa nyuma, na hata hivyo picha mbili za kwanza zilionyesha vidole vyake mbavuni mwa Katana. Ya tatu ilikubalika. Ninayakumbuka mambo haya kwa furaha, na ninataka ijulikane hivyo, kwa sababu nusu ya kwanza ya mwaka ule ilikuwa ya raha kuliko miaka yangu mingi. Tulikuwa tunapanga kitu kisicho na dhiki ndani yake.

Kosa lilikuwa letu sote, na lilianza kwa hesabu iliyoonekana sawa kabisa. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba Juni na Julai ni kipupwe. Ndiyo miezi ambayo hata Mombasa mtu hutafuta shuka alfajiri, na akina mama huwavika watoto sweta za kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Sasa ikiwa Julai inatuonea baridi sisi, itakuwaje huko ambako baridi ndiyo kwao? Barua ya Jumwa iliandika wazi kwamba mtakuja kiangazi. Karisa aliisoma kwa sauti, akaikunja, akatufafanulia: "Kiangazi chao ni hiki kipupwe chetu. Ndivyo wanavyokiita, kwa vile wao washazoea." Hakuna aliyembishia. Nilikwenda Kongowea kwenye mitumba, nikachakura marobota mpaka nikapata makoti manne mazito, la mtoto lina manyoya kwenye kofia. Nilipomvisha Katana lile koti, joto la Machi, alinitazama kwa mshangao, jasho likamtiririka puani.

Aprili akaugua nimonia. Tulilazwa siku saba, mimi nimeketi kwenye kiti cha plastiki, yeye kifua kinapanda na kushuka haraka haraka, na tangu siku hizo sijasikia mtoto wa mtu akikohoa nikaendelea na ninalolifanya. Alipona. Daktari alisema yuko sawa, na safari ya Julai haina neno. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani, na hofu ndiyo iliyomfanya Karisa afanye jambo ambalo hadi leo tukigombana mimi hulitaja. Alikuwa fundi wa mitambo ya baridi katika godauni moja la Changamwe, ambamo samaki na nyama hukaa zikisubiri meli. Mwisho wa Mei, Jumamosi, msimamizi akiwa hayupo, alitupeleka huko na makoti yetu ili watoto waizoee baridi kidogo kidogo. Alisema tutaanza na chumba cha nje, kisicho na ukali, dakika tatu tu. Mavyaa alikuja pia, amejifunga leso mbili kichwani.

Sikuwahi kuijua baridi ya namna ile. Ilinuka chuma na samaki. Kadzo alisimama wima, mikono imepotea ndani ya mikono ya koti, na moshi ulipomtoka mdomoni aliupiga kwa kofi. "Baba," akasema, "mimi sitaki Ulaya. Ulaya kunuka." Tukacheka, sauti zetu zikarudi kutoka ukutani. Karisa alikuwa akitazama saa yake, nami nimemkumbatia Katana ndani ya koti langu, mdomo wake kwenye shingo yangu. Akakohoa, mara moja. Mavyaa alininyang'anya mtoto mikononi, akausukuma mlango kwa bega na kutoka naye juani, na tulipomfuata tulimkuta amekwisha kumvua koti, amemweka kifuani kwake ngozi kwa ngozi, anatembea kati ya malori yaliyoegeshwa.

Kikohozi kilikaa siku nne kisha kikaondoka chenyewe. Lakini Jumapili ile, tulipokuwa tunakula sima na mboga ya mchunga, mavyaa alinawa mikono kabla ya wakati wake, akasema alilokuwa analipika. "Mwenda na Kadzo. Huyu mwaniachia mimi." Karisa alitaka kusema neno, akakatazwa kwa jicho. "Mumemtia kwenye kabati la samaki dakika tatu, kifua kikafunga. Huko mwampeleka miezi mitatu. Mwanipa mtoto nizike, au mwanipa mtoto nilee?" Mimi niliangalia sahani yangu. Nilisema tutaona, Mama. Nilitaka sana kwenda, hilo nalo liandikwe. Sikuwa nimepanda ndege, sikuwa nimefika hata Nairobi mpaka safari ya viza, na nilikuwa nimechoka na uchovu ule wa mama wa watoto wawili wadogo ambao usingizi hauuondoi. Nilikubaliana na Karisa kwamba Jumwa akipiga simu tutamuuliza yeye, naye ndiye atakayeamua.

Jumwa alikuwa akipiga kila Jumapili ya pili, saa kumi, kwenye duka la mwenye nyumba wetu. Jumapili aliyopiga kwa mara ya mwisho kabla ya safari, tulikuwa Port Reitz kumwona mfanyakazi mwenzake Karisa aliyevunjika mguu. Tulimwambia mavyaa amuulize habari ya baridi na mtoto. Tuliporudi alikuwa uani anapepeta, Katana yuko mgongoni, na nikamuuliza kabla sijavua viatu. "Jumwa awasalimu nyote," akasema. "Simu ilikuwa yakatakata. Asema mje na nguo nzuri." Nikamuuliza, na baridi je? Aliupeperusha ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Wewe mwenyewe wajua Ulaya ni baridi, mwanangu. Wataka kuambiwa na nani tena?" Jioni ile, nikikunja nguo chumbani kwangu, nilimsikia juu ya ukuta akimwogesha mtoto na kuzungumza naye kwa sauti ndogo. "Wewe hutaniacha, mume wangu. Ulishaniacha mara moja. Ya pili sikubali." Nikatabasamu, nikaendelea kukunja nguo. Nimeyarudia maneno hayo tangu siku ile ya jikoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema.

Basi niliamua. Ninasema niliamua, ingawa kwa miaka mingi nimekuwa nikisema iliamuliwa. Wiki mbili kabla ya safari mavyaa aliniletea shubiri kwenye kifuko cha karatasi, nikajipaka kifuani. Katana alikuja akitambaa mbio kama kawaida yake, akaonja, akakunja uso, akanitazama kama aliyeuliza swali la adabu. Akajaribu upande wa pili. Alipokuta nao ni mchungu hakulia mara moja. Kwanza alinipiga kofi dogo shavuni, kisha ndipo akalia, na mavyaa akamchukua akampa uji wa mtama. Siku ya nne hakuja tena kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kikombe, na kikombe kilikuwa mkononi mwa mavyaa. Siku ya kuondoka alikuwa amelala. Nilimbusu mguu, kwa sababu ndiyo uliokuwa nje ya shuka, na nikaichukua fulana yake moja chafu nikaitia kwenye mkoba.

Ujerumani tulishuka saa saba mchana, na mlango wa ndege ulipofunguliwa joto lilitupokea usoni. Nilidhani ni joto la mitambo. Tulipotoka nje watu walikuwa wamevaa kaptura, wamekaa kwenye nyasi, wanakula aiskrimu, na sisi watatu tumebeba makoti mikononi, shati la Karisa limeloa mgongo mzima. Jumwa alikuja anakimbia, akamwinua Kadzo juu, akanikumbatia, kisha akatazama nyuma yangu. "Yuko wapi Katana?" Nikamwambia tumemwacha kwa mama, kwa ajili ya kifua. Alimtua Kadzo chini. "Basi, umeamua," akasema, na hakulitaja tena. Nyumbani kwake, kando ya kitanda chetu, palikuwa na kitanda kidogo cha mbao kimetandikwa shuka la njano. Hakukiondoa. Miezi mitatu nililala nikikiona. Mchana Kadzo aliogelea uchi ndani ya karai bustanini, akipiga kelele za furaha, na mtoto wa jirani, wa umri wa Katana, aliletwa naye akatiwa ndani. Mara ya kwanza aliyolia, nguo yangu ililowa kifuani. Maziwa niliyodhani yamekauka yalikuwa yamebaki kidogo. Niliingia ndani nikakaa chooni na ile fulana puani, na Jumwa akadhani najitenga naye.

Tulirudi mwisho wa Septemba. Mavyaa alikuja uwanja wa ndege na Katana, amemvisha viatu, na mtu aliyevaa viatu ni mtu anayetembea. Nilikuwa nimekosa hatua ya kwanza, na ya pili, na zote za mwezi mzima. Nilichuchumaa nikamnyooshea mikono. Alinitazama vizuri, bila woga, kama watoto wanavyowatazama wageni, kisha akageuka akakumbatia magoti ya mavyaa na kusema, "Mama." Watu waliosimama karibu wakacheka. Mavyaa hakucheka. Alimsukuma taratibu kuja kwangu, akisema, "Siye mimi, baba, mama yako huyu hapa," na kadiri alivyomsukuma ndivyo alivyozidi kushika leso yake.

Siku kumi na mbili nilikuwa mgeni wa mwanangu. Uji wangu alitema, kwenye mgongo wangu alijinyoosha kama mti mpaka nimfungue. Kisha asubuhi moja mavyaa alitoka chumbani amefunga kifurushi, akasema mvua za vuli ziko karibu, anakwenda Kaloleni kutayarisha shamba. Karisa akasema shamba lina watu. "Na lina mwenyewe pia," akajibu. Akaondoka bila kumtazama Katana, akipita upande wa pili wa ukumbi. Mtoto alilia kwenye mlango ule siku tatu. Ya nne aliniletea kikombe chake kitupu, akaniwekea pajani. Mavyaa hakurudi mpaka Desemba, na aliporudi alikuwa mgonjwa wa mgongo na amekonda. Wakati ule nilidhani ni jembe. Leo nadhani alijua alichokichukua na alikuwa akikirudisha kwa njia pekee aliyoiweza, na hilo nalo halikunipunguzia hasira hata chembe.

Nilipotoka jikoni siku ile ya msiba nilimtafuta Katana. Alikuwa nyuma ya nyumba anasugua masufuria makubwa kwa mchanga, mwanamume wa miaka ishirini na sita, kichwa kimenyolewa kwa msiba, kwa vile alisema hawezi kukaa bure. Nilimweleza yote, nimesimama, bila kupumzika: simu, joto, kitanda, ungo. Nitasema ukweli kwamba nilitaka akasirike. Nilitaka mtu mmoja duniani akasirike kwa ajili yangu, na yeye ndiye aliyestahili. Akaacha kusugua. "Nyanya alificha ili nibaki naye?" Nikamwambia ndiyo. Alitazama mikono yake yenye masizi, uso ukamlegea, machozi yakamtoka. "Kumbe alinitaka hivyo," akasema. Nilikuwa nimemletea shtaka, naye akalipokea kama zawadi.

Kisha akainua uso. "Na wewe ukakubali?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza jinsi mtu anavyouliza mwisho wa hadithi. Miaka yote nilikuwa na jibu: kifua chako, baridi, nyanya yako, hatukujua. Pale nilipolitafuta sikulipata. Mavyaa alisema uongo ili asitengane naye. Mimi niliambiwa nimwache, nikamwacha.

"Nikakubali, mwanangu," nikamwambia.

Alijifuta mikono kwenye suruali, akanisogelea, akanishika bega. "Pole, mama," akasema. Hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu msiba uanze, nikilia kwa sauti, nimeshikilia shati la mwanangu kwa mikono miwili. Wanawake waliokuwa wakipita na ndoo walisimama. "Mwacheni," mmoja akawaambia wenzake, "amlilia mavyaa wake." Na mimi sikumkanusha, kwa sababu hakukosea.